Ndovu ana picha, mkulima hana: Hesabu ya kuchangisha fedha za wanyamapori Ukambani

MASHIRIKA mengi ya uhifadhi nchini yaliufunga mwaka wa 2025 yakiwa yamefunzwa, tena kwa uchungu, kwamba kumtegemea mfadhili mmoja ni sawa na kulima bila ghala. Mnamo Januari 20 mwaka huo serikali ya Marekani iliamuru kusitishwa kwa misaada yake ya kigeni, na kufikia Julai 1 shirika la USAID, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limefadhili hifadhi za kijamii nchini Kenya, lilikuwa limekoma kutekeleza miradi yake. Hifadhi za kaskazini ndizo zilizotajwa zaidi katika habari za wakati huo. Lakini swali lililoibuka huko linawahusu pia wakazi wa Kitui na Makueni, ambako uhifadhi ni jambo kubwa kuliko Wakenya wengi wanavyodhani: je, shirika dogo la kuwalinda wanyama litapata wapi fedha, na litazitafuta kwa mpango gani?

Tuanze na ramani. Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa takriban kilomita 30,500 mraba, na zaidi ya kilomita 6,000 mraba kati ya hizo zimo ndani ya Mbuga ya Tsavo Mashariki. Kusini mwake kuna Hifadhi ya Kitui Kusini na kaskazini kuna Hifadhi ya Mwingi. Makueni nayo inapakana na Tsavo Magharibi, na ndani yake mna sehemu ya vilima vya Chyulu pamoja na msitu wa Kibwezi. Sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori, iliyofanywa mwaka wa 2021, ilihesabu ndovu 36,280 kote nchini, na hakuna eneo lenye ndovu wengi kuliko Tsavo. Hata hivyo mtalii wa kawaida hupita Mtito Andei kama mtu anayepita kituo cha mafuta, macho yake yakiwa Voi, Amboseli au Mombasa. Fedha za utalii zinazobaki mikononi mwa Wakamba wanaoishi na wanyama hao ni chache. Kwa hivyo anayetaka kuwahifadhi huku hana budi kuchangisha.

Kuchangisha ni kazi yenye kanuni zake. Wengi huiona kama kuomba, nao huifanya kama waombaji: wanaandika pendekezo la mradi fedha zinapokwisha, wanalituma kwa balozi tatu, kisha wanangoja. Mpango wa kweli hujibu kwanza maswali ambayo mfanyabiashara yeyote wa soko la Kibwezi huyajibu kabla ya kufungua duka. Unauza nini hasa? Nani atanunua? Atarudi? Na atakapouliza mzigo wake uko wapi, utamwonyesha nini?

Yatima aliyepewa jina

Mfano mkubwa zaidi wa majibu hayo uko katika kaunti hizi zenyewe. Wakfu wa Sheldrick ulianzishwa mwaka wa 1977 na Daphne Sheldrick kwa ukumbusho wa mumewe David, mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki, aliyefariki mwaka huo. Daphne alikuwa ametumia miaka mingi kutafuta maziwa ambayo ndama wa ndovu angeweza kuyanywa bila kufa, na jawabu likapatikana katika mchanganyiko uliotiwa mafuta ya nazi. Ndama hulelewa kwanza Nairobi, kisha wakikua hupelekwa Tsavo ili wajifunze kuishi porini. Kituo cha Ithumba, upande wa Kitui, kilifunguliwa mwaka wa 2004. Cha Umani, ndani ya msitu wa Kibwezi, kilifuata mwaka wa 2014 kwa ajili ya wale ambao majeraha yao hayawaruhusu kuishi katika maeneo magumu zaidi.

Hiyo ndiyo kazi ya uhifadhi. Sasa tazama jinsi ilivyogeuzwa kuwa mpango wa fedha. Mtu aliye popote duniani anaweza kumlea yatima mmoja kwa mbali kwa mchango wa kuanzia dola 50 za Marekani kwa mwaka. Haombwi kuokoa spishi. Haombwi hata kuiokoa Tsavo. Anaombwa kumsaidia ndovu mmoja mwenye jina, mwenye siku aliyookolewa na mahali alipopatikana, na majina yenyewe mara nyingi huchukuliwa kutoka mahali hapo au katika lugha za wenyeji: Yatta, Kora, Kinna, Galana. Kila mwezi mlezi huyo hupokea kwa baruapepe habari zilizotokana na shajara za walezi halisi, wale wanaume wanaolala zizini na kuamka usiku kumnywesha ndama maziwa. Shajara hizo hueleza nani amegombana na nani, nani ameanza kukataa chupa, nani amepotelea msituni siku mbili kisha akarudi.

Anayedhani kwamba shajara ni pambo la pembeni hajaelewa biashara hii. Kumpata mtoa mchango mpya ni ghali: kuna tangazo, kuna picha, kuna mtu wa kujibu barua. Mchango wake wa kwanza mara nyingi hulipia gharama hizo tu. Faida huanza anapotoa mara ya pili, na hatatoa mara ya pili ikiwa baada ya kutoa mara ya kwanza hakusikia lolote. Shajara ndiyo inayomrudisha. Tena haihitaji mwandishi mashuhuri wala mpigapicha wa kigeni. Inahitaji mtu aliyekuwapo, mwenye kalamu, na mhariri mwaminifu asiyeongeza chumvi.

Kitalu cha Nairobi nacho hufunguliwa kwa umma kwa saa moja tu kila siku, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana. Saa hiyo ni finyu kwa sababu ndama wanahitaji utulivu, lakini ufinyu wenyewe umeifanya kuwa kitu cha kutamaniwa. Vyombo vya habari vikaongeza yao: BBC ilitangaza vipindi vya Elephant Diaries mwaka wa 2005, na mwaka wa 2011 yatima hao wakaonekana katika filamu ya Born to be Wild iliyotengenezwa kwa ajili ya skrini zile kubwa za IMAX. Halafu kuna ushahidi wa mwisho, ambao hauwezi kununuliwa kwa tangazo. Yatima waliorudi porini Ithumba wameanza kuzaa, na ndama wa Mulika akaitwa Mwende, jina ambalo Mkamba yeyote analielewa bila kufafanuliwa.

Kuna pia ufundi wa kisheria ambao wasomaji wengi hawaujui. Wakfu huo una mashirika dada yaliyosajiliwa Uingereza na Marekani. Sababu ni kodi. Nchini Uingereza mlipakodi akitoa pauni moja kwa shirika lililosajiliwa, shirika hilo hudai peni 25 zaidi kutoka kwa serikali chini ya mpango wa Gift Aid. Nchini Marekani mtoaji anaweza kuruhusiwa kuondoa kiasi alichotoa katika mapato yake yanayotozwa kodi. Kikundi cha Ikutha hakitafungua ofisi London, lakini kinaweza kushirikiana na shirika lililokwisha kusajiliwa huko na kupokea fedha kupitia kwake.

Wala jambo hili la kumpa mnyama jina si geni katika eneo hili. Ng'ambo ya mpaka wa Mwingi kuna Kora, alikoishi George Adamson kuanzia 1970 hadi alipouawa na majambazi Agosti 20, 1989. Kitabu cha mkewe Joy kuhusu simba Elsa, kilichotolewa mwaka wa 1960, na filamu yake ya 1966, viliwafanya watu wa mbali wajihisi wanamjua simba mmoja wa Kenya, na mapato ya kitabu hicho yakasaidia kazi za uhifadhi. Baadaye akaja Christian, simba aliyenunuliwa katika duka la Harrods jijini London mwaka wa 1969 na vijana wawili wa Australia, kisha akaletwa Kora. Filamu ya vijana hao wakikumbatiwa na simba wao walipomtembelea mwaka wa 1971 ilikaa karibu miongo minne, ikaibuka mtandaoni mwaka wa 2008 na kutazamwa na mamilioni ya watu. Picha nzuri haizeeki. Lakini mbuga ya Kora yenyewe inajulikana na Wakenya wangapi leo? Sifa ilimfuata mnyama na yule mzee, haikuifuata ardhi wala watu wake, na huo ni upungufu ambao mpango wa mawasiliano unapaswa kuutambua mapema.

Upande wa pili wa uzio

Kwa mkulima wa Kibwezi Mashariki au Kitui Kusini, ndovu ana sura nyingine. Ni kivuli kinachoingia shambani usiku wakati kunde na ndengu zimekaribia kukomaa, na kufikia alfajiri kazi ya msimu mzima imekwisha. Ukame huzidisha uhasama, kwa kuwa wanyama na watu hukimbilia maji yale yale. Katika ukame wa 2022 serikali ilitangaza kwamba ndovu 205 walikuwa wamekufa kati ya Februari na Oktoba. Idadi hiyo ilienea duniani kote kwa siku chache. Mifugo na mashamba yaliyopotea katika vijiji vinavyopakana na mbuga hayakupata wasomaji kama hao.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inasema kwamba familia ya aliyeuawa na mnyama italipwa Sh5 milioni, aliyepata ulemavu wa kudumu Sh3 milioni, na aliyepata majeraha mengine hadi Sh2 milioni. Mazao na mifugo iliyoharibiwa pia imo. Karatasi inasema hivyo. Malipo yamekuwa yakichelewa kwa miaka, na wanaosubiri wanajua majina ya wenzao waliofariki kabla ya kulipwa. Shirika la hisani halina mamlaka ya kulipa fidia ya serikali, lakini likienda kijijini na kamera kumpiga picha ndovu huku likipita nyumba ya anayesubiri fidia, lisishangae kukosa mtu wa kulipa habari kuhusu mtego uliotegwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na washauri wa mawasiliano wanaofundisha kwamba mtoaji wa Ulaya hataki kusikia habari za mkulima. Anataka, mradi aelezwe kitu ambacho mchango wake unaweza kukifanya. Mfano uko Kamungi, hifadhi ya jamii iliyo Makueni kwenye mpaka wa Tsavo Magharibi, inayosaidiwa na Tsavo Trust, shirika lililoanzishwa mwaka wa 2012. Shirika hilo linajulikana ulimwenguni kwa kuwafuatilia kutoka angani ndovu wenye pembe kubwa. Ndilo lililotangaza kifo cha Satao mwaka wa 2014, na habari hiyo ikawaliza watu wasiowahi kukanyaga Afrika. Lakini miongoni mwa miradi yake mna mmoja usio na machozi wala fahari, unaoitwa mpango wa uzio wa asilimia 10. Wazo ni kwamba uzio wa umeme uzungushwe kwenye sehemu ndogo tu ya ardhi, ile yenye nyumba na mazao, na ardhi iliyobaki iachwe wazi kwa mifugo na wanyama. Uzio wa familia moja una bei, una picha ya kabla na baada, na una jibu la swali la kama ndovu waliingia msimu huu. Kwa mchangishaji, hiyo ni bidhaa iliyokamilika kama ndama mwenye jina.

Mizinga ya nyuki nayo ni hivyo hivyo. Jirani zetu wa Sagalla, katika Taita Taveta, wamezungushia mashamba yao nyaya zenye mizinga chini ya mradi wa shirika la Save the Elephants, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki; mtu wa mbali anaweza kufadhili mzinga, na asali inayovunwa huuzwa. Mkamba hahitaji kufundishwa ufugaji wa nyuki. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuunganisha mzinga wa mzee na mnunuzi aliye tayari kulipa zaidi kwa sababu anajua asali hiyo imemlinda nani.

Kutokana na hayo, mpango wa mawasiliano lazima uwe na hadhira mbili. Ya kwanza ni wahisani. Ya pili ni majirani wa mnyama, nao hawasomi jarida la Kiingereza la kila robo mwaka. Wanasikiliza Musyi FM na Mbaitu FM, wanahudhuria baraza la chifu, wanakutana kanisani. Ni vyema ijulikane pia kwamba kinachosemwa kwa hadhira moja husikika na nyingine: kijana wa Mutomo aliyesoma atauona ukurasa wa shirika ambamo kijiji chake kimeelezwa kuwa cha majangili. Picha ya mtoto aliyekosa karo, iliyochukuliwa bila idhini ya mzazi wake, ni kosa la adabu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweza kuwa kosa la kisheria.

Hesabu isiyopendwa

Tuseme kikundi cha Makueni kinahitaji Sh3 milioni kwa mwaka: mishahara ya askari wanane wa doria, mafuta, marekebisho ya uzio, simu na ukaguzi wa hesabu. Mfadhili mmoja anaahidi Sh2 milioni, lakini kwa masharti kwamba fedha zote ziende kwenye uzio mpya. Kamati inasherehekea. Miezi sita baadaye uzio umesimama, na hakuna wa kuutembelea, kwa sababu askari hawajalipwa. Fedha zenye masharti na fedha huru hazifanani, na mpango unaozijumlisha katika safu moja unajidanganya. Fedha huru hutoka kwa watu wengi wanaotoa kidogo kidogo. Watu 500 wakitoa Sh200 kila mwezi, kikundi kitapata Sh1.2 milioni kwa mwaka ambazo hakuna mtu wa kuziamrisha, na hata 100 kati yao wakiacha, kazi haisimami siku hiyo.

Je, Wakenya 500 watatoa? Kuna wanaosema uhifadhi ni shughuli ya wageni. Historia haikubaliani nao. Mwaka wa 2011, ukame ulipowakumba watu wa kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya ilichanga mamia ya mamilioni ya shilingi, sehemu kubwa kupitia M-Pesa, huduma iliyokuwa na umri wa miaka minne tu. Rhino Ark, iliyoanzishwa mwaka wa 1988, ilijenga uzio wa Aberdare unaokaribia kilomita 400 na kuukamilisha mwaka wa 2009, ikitegemea kwa kiasi kikubwa mashindano ya magari ya Rhino Charge na kampuni za humu nchini. Na muda mrefu kabla ya M-Pesa Ukambani kulikuwa na mwethya, vikundi vya majirani wanaofanya kazi kwa zamu katika shamba la kila mmoja wao. Vikundi hivyo ndivyo vilivyochimba matuta yaliyookoa udongo wa vilima vya Machakos na Makueni. Watu wanaokubali kuchimba pamoja watakubali kuchanga pamoja, ikiwa hesabu itasomwa hadharani.

Kusoma hesabu ndiyo sehemu inayoepukwa. Wahisani wa nchi za nje huuliza ni senti ngapi za kila shilingi zinazofika porini, na mashirika hujibu kwa kuficha gharama za ofisi. Jibu bora ni kuzieleza. Mhasibu anayezuia wizi ni sehemu ya uhifadhi. Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma, iliyopitishwa mwaka wa 2013, ilianza kutumika Mei 14, 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya 1990. Usajili na taarifa za fedha sasa zinafuata utaratibu wake. Harambee ya barabarani au sokoni nayo ina sheria yake ya michango ya umma, Sura ya 106, inayohitaji kibali. Aidha shirika lenye cheti cha msamaha wa kodi kutoka KRA linaweza kuwafanya watoaji wa Kenya wapunguziwe kodi kwa michango yao, faida ambayo vikundi vingi havijawahi kuwatajia wafanyabiashara wa Wote au Kitui mjini.

Biashara ya hewa ya ukaa nayo imefika. Mradi wa vilima vya Chyulu, unaoyaunganisha KWS, idara ya misitu, Wakfu wa Sheldrick, mashirika mengine na ranchi za Wamaasai, unalinda zaidi ya hekta 400,000 na kuuza hati za kaboni. Ni fedha nyingi zikija, lakini bei hupanda na kushuka, na vipimo vyake vinahitaji wataalamu. Kikundi kidogo kisianze hapo.

Kianze na kalenda, kwa kuwa ya mtoaji na ya shamba hazilingani. Siku ya Ndovu Duniani huadhimishwa Agosti 12. Mwaka wa kodi wa Wamarekani wengi huisha Desemba 31, na ndiyo sababu barua nyingi za kuomba hutumwa Novemba na Desemba. Wa Waingereza huisha Aprili 5. Huku kwetu mvua za kutegemewa ni za Oktoba hadi Desemba. Mbegu hutiwa ardhini Oktoba, kunde na ndengu hukomaa kuanzia Januari, na hapo ndipo ndovu hufika. Fedha zinazoombwa Krismasi huingia benki mashamba yakiwa yamekwisha kuvamiwa. Uzio, betri na mizinga vinapaswa kuwa shambani kabla ya mwisho wa Novemba, maana yake vinunuliwe Septemba, na fedha ziwe zimefika Agosti. Barua ya Krismasi iwe ya shukrani, ikiwa na picha ya shamba lililo kijani na jina la familia iliyokubali kutajwa. Ile ya kuomba itoke Julai.